Hongcun: kijiji kilichopangwa na mfereji, baada ya bomba, lami na tiketi

Ukitaka kujua kwa nini vichochoro vya Hongcun vinapinda vile, tazama chini ya ukuta. Kuna mfereji wa mawe, mwembamba kiasi cha mtoto kuuruka, na maji yake hayasimami. Kichochoro kimefuata mfereji, nyumba zimefuata kichochoro. Ramani nzima ya kijiji ilianzia hapo, na hapo ndipo usasa ulipokigusa kijiji kwanza, kabla ya mgeni yeyote kukata tiketi.

Hongcun kiko wilaya ya Yi, kusini mwa mkoa wa Anhui nchini China, jirani na milima ya Huangshan. Ukoo wa Wang ulihamia hapo mwaka 1131. Mpango tunaouona leo ulikuja baadaye, enzi ya mfalme Yongle (1403–1424). Mkuu wa ukoo, Wang Siqi, alimwita He Keda, mjuzi wa feng shui (elimu ya Kichina ya kuchagua na kupanga mahali pa kujenga), apime mlima, kijito na mteremko wa ardhi. Masimulizi ya kijiji yanampa nafasi kubwa mke wa Wang Siqi, Bi Hu, kwamba ndiye aliyesimamia uchimbaji na kuamua bwawa la katikati liwe nusu mwezi, kwa kuwa mwezi ukishajaa hauna pa kwenda ila kupungua.

Watembeza wageni husema kijiji kina umbo la ng'ombe: kilima cha Leigang ni kichwa, miti miwili mikubwa ni pembe, nyumba ni kiwiliwili, mfereji ni utumbo, bwawa ni tumbo, madaraja manne ni miguu. Hadithi nzuri, lakini anayetaka kuelewa kilichoharibika na kinachoweza kutengenezwa aiweke kando kidogo, aushike mfumo wa maji.

Maji yalivyopanga nyumba

Upande wa magharibi kuna kijito cha Xixi. Ndani yake kumejengwa banio la mawe linaloinua kina cha maji hadi yaingie mferejini yenyewe, bila pampu. Mfereji mkuu na matawi yake una urefu wa zaidi ya kilomita moja ndani ya kijiji. Unapita milangoni, unaingia Bwawa la Mwezi lenye ukubwa wa takriban mita za mraba 1,200, kisha unateremka hadi Ziwa la Kusini, lililochimbwa mwaka 1607 na lenye ukubwa wa kama hekta mbili. Kutoka ziwani maji yalikwenda kwenye majaruba ya mpunga.

Mfumo wa namna hii una sharti moja gumu: kila hatua ya mfereji lazima iwe chini kidogo kuliko iliyotangulia. Mwenye nyumba hawezi kuinua sakafu au kugeuza mlango apendavyo, kwa sababu akiuziba au kuuinua mfereji kwa kiganja kimoja tu, jirani wa juu anafurika na wa chini anakauka. Ndiyo maana nyumba zimebanana na kupangana kama vigae. Familia zenye uwezo zilitoboa tundu chini ya ukuta, zikaingiza maji hadi kwenye kibwawa cha ua wa ndani, kisha zikayarudisha mferejini upande wa pili. Sharti lilikuwa kwamba yarudi yote.

Kulikuwa na ratiba pia. Kabla ya saa mbili asubuhi maji yalikuwa ya kunywa na kupikia tu, na baada ya hapo watu waliruhusiwa kufua na kuoshea vyombo. Mpango wa kijiji ulikuwa na saa ndani yake, na saa hiyo ilisimamiwa na ukoo. Jumba la ukoo, Lexu Tang, liko ukingoni mwa Bwawa la Mwezi upande wa kaskazini, mlango ukitazama maji. Kwa mahali hapo palipo kitovu, kila anayechota anaonekana.

Zile pembe mbili za ng'ombe nazo zilikuwa na kazi. Zinasimama mahali watu wanapoingilia kijijini. Msafara wa harusi ulizunguka mti mmoja na jeneza likazunguka ule mwingine, wa ginko. Kila tukio kubwa lilikuwa na njia yake ya kuingia na kutoka, na njia hizo zilijulikana hata bila kibao.

Bomba lilipofika

Kabla ya bomba kulikuwa na badiliko la mwanzoni mwa miaka ya 1950, mageuzi ya ardhi. Majumba ya wafanyabiashara yaligawanywa, jumba moja likapewa familia kadhaa. Kwenye karatasi ramani ya kijiji haikubadilika. Ndani ya kuta, ukumbi uliokuwa wa baba mmoja ukawa na meko matatu, na paa moja likawa na wenyewe wanne. Tutarudi kwenye paa hilo, maana ndilo linaloangusha nyumba nyingi kuliko tingatinga.

Bomba la maji likafuata, na saa mbili asubuhi ikapoteza maana siku hiyo hiyo. Hakuna aliyefuta sheria. Haikuwa na wa kuilinda tena. Mfereji ambao kila nyumba ilikuwa na sababu ya kuuweka safi ukageuka njia rahisi ya kutoa maji machafu. Maji ya bomba yana tabia nyingine pia: yanaingia mengi kuliko ndoo. Familia iliyokuwa ikitumia ndoo nne kwa siku inapata bafu na mashine ya kufulia, na maji hayo yote lazima yatoke mahali fulani. Kijiji hakikuwa na njia ya kutokea zaidi ya mfereji.

Kosa lenyewe linaonekana vizuri zaidi ndani ya ua. Nyumba ya Huizhou, kama wenyewe wanavyouita ukanda huu kwa jina la zamani, haina madirisha makubwa upande wa nje. Mwanga na hewa huingia kupitia ua mdogo usioezekwa katikati ya nyumba, ambao Wachina huuita kisima cha mbinguni. Mapaa ya pande zote nne yameinamia ndani, mvua inamiminika uani, na chini ya mawe kuna njia ya siri inayopeleka maji mferejini. Ilijengwa kwa maji ya mvua pekee. Sasa mwenye nyumba anayefungua vyumba vya wageni anatafuta pa kuweka mashine ya kufulia. Pale uani pana mwanga, pana sakafu ya mawe isiyoharibika, na pana tundu la kutolea maji. Anaiweka hapo. Povu linapita chini ya sakafu, linaingia mferejini, na mfereji unaelekea Bwawa la Mwezi.

Fosfeti ya sabuni na mabaki ya jikoni ni mbolea. Maji ya kina kifupi yanayopigwa na jua la Julai, yakipata mbolea hiyo na mwendo wake ukipungua, yanakuwa kijani. Basi uhai wa Ziwa la Kusini uko katika kubadilishwa kwa maji: banio likijaa mchanga, au kijito kikipungua, ziwa lile lile ambalo lingevumilia uchafu kidogo linashindwa. Anayelalamikia rangi ya ziwa aanzie kwenye banio, halafu nyua, halafu ndiyo achimbue tope. Wengi huanza na tope kwa kuwa kazi hiyo huonekana, na baada ya misimu miwili mambo yanarudi pale pale.

Bomba la maji taka katika kichochoro cha mita moja na nusu

Jibu la wazi ni kulaza bomba tofauti la maji taka. Kusema ni rahisi. Bomba la milimita 200 linalotegemea mteremko tu linahitaji kushuka kama milimita 4 kwa kila mita, la sivyo uzito wa taka unabaki chini na kuziba. Kwa mita 300 za kichochoro hiyo ni mita 1.2. Ukianza na kina cha sentimita 60, mwisho uko mita 1.8 chini ya ardhi. Kuta za kale zimesimama juu ya misingi ya mawe yaliyopangwa, isiyo na zege wala nondo. Ukichimba chini ya kina cha msingi, karibu nao, udongo unaoushikilia ukuta unahama. Ukuta hauanguki siku hiyo. Unaanza kuegemea, na chokaa nyeupe inapasuka ulalo baada ya mvua kubwa.

Tatizo la pili ni mfereji wenyewe, ambao uko pembeni mwa mtaro unaochimbwa. Ukiacha mtaro wazi usiku kucha, maji ya mfereji hupenya na kuutafuta, na asubuhi unakuta matope mahali palipokuwa na udongo mkavu.

Mafundi waliozoea vijiji vya namna hii hufanya hivi. Mawe ya sakafu hupigwa picha na kuandikwa namba kwa chokaa kabla ya kung'olewa, kwa sababu kila moja limechongwa kwa ajili ya jirani yake na halikubali pengine. Mtaro huchimbwa vipande vya mita mbili hadi tatu, ukuta ukishikiliwa kwa mbao, bomba likalazwa na kufukiwa siku hiyo hiyo. Maji ya kipande hicho cha mfereji hukatwa au kupitishwa ndani ya bomba la mpira wakati wa kazi. Pale kina kinapozidi msingi, mteremko huachwa, ikawekwa chemba yenye pampu ndogo, au mfumo wa kufyonza unaotumia bomba jembamba lisilohitaji kwenda chini sana. Pampu ina aibu yake: umeme ukikatika inasimama, na chemba ikijaa inamwagika mfereji ule ule uliokuwa unaokolewa. Kwa hiyo chemba iwe na nafasi ya kuhifadhi maji ya saa kadhaa.

Bomba likishalazwa, kosa linalobaki ni kuunganisha. Choo na jiko vinaunganishwa, mashine ya kufulia ya uani inasahauliwa. Njia ya kulikamata ni ya bei ndogo: mimina rangi isiyo na sumu kwenye kila tundu la nyumba, mtu mmoja asimame kwenye chemba na mwingine kwenye mfereji. Rangi itakapotokea ndipo ukweli ulipo, hata kama mchoro wa mkandarasi unasema vingine.

Moto nao una hesabu yake. Gari la zimamoto nchini China hutengewa njia ya upana wa mita 4 kwa uchache. Kijiji cha mbao chenye vichochoro vya mita moja na nusu hakiwezi kuipata bila kubomolewa, na ubomoaji huo ndio uliovimaliza vijiji vingi visivyo na jina. Wajenzi wa zamani walikuwa na jibu lao: kuta ndefu za kukinga moto zinazopanda ngazi ngazi juu ya mapaa, ambazo umbo lake huitwa kichwa cha farasi, na maji kila mlangoni. Jibu la leo linaloheshimu ramani hiyo ni mashine ndogo za kusukuma maji zinazobebwa na watu wawili, vizimia moto vya bomba kila hatua kadhaa, na mfereji uliojaa. Mfereji mkavu si suala la sura ya kijiji tu. Ni pipa la zimamoto lililo tupu.

Lango lilipohama

Kijiji kilifunguliwa kwa watalii miaka ya 1980. Mwaka 1997 wilaya ilikabidhi uendeshaji wa utalii kwa kampuni ya kutoka Beijing kwa mkataba wa miaka 30. Mwaka 2000 Hongcun na jirani yake Xidi viliingizwa pamoja kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, katika kikao kile kile kilichouingiza Mji Mkongwe wa Zanzibar. Eneo lililolindwa kwa vijiji vyote viwili ni hekta 52, likizungukwa na ukanda wa kinga wa hekta 730.

Kwa kuta, huo ulikuwa uokozi, na hakuna haja ya kuzungushana. Chengzhi Tang, jumba la mfanyabiashara wa chumvi la mwaka 1855 lenye nguzo za mbao 136 na nyua 9, limesimama. Ila mwendo wa watu uligeuka. Zamani kijiji kilisomwa kuanzia kwenye miti na maji yanapoingia, kikaishia ziwani na mashambani. Mtalii anaanzia ziwani: anavuka daraja la mawe katikati ya Ziwa la Kusini, anapiga picha, anakwenda Bwawa la Mwezi, Chengzhi Tang, anatoka. Mwisho wa mfumo umekuwa lango, na kitovu cha ukoo kimekuwa kituo cha pili kwenye njia ya tiketi.

Matokeo yake unayaona kwenye kuta. Nyumba zilizo kwenye njia hiyo zilikuwa na mlango mmoja na ukuta mtupu. Biashara inataka mlango mpana na rafu za kuonyeshea bidhaa. Kila tundu jipya kwenye ukuta wa matofali linahitaji boriti juu yake, na anayetoboa usiku ili mkaguzi asione haweki boriti ya kutosha. Nyumba zilizo nyuma ya njia hazipati mteja, hivyo hukodishwa kwa wanafunzi wa sanaa wanaokuja kuchora, au huachwa. Kijiji ambacho mfereji ulikigawia kila mlango maji sasa kinagawiwa wageni kwa upendeleo, na upendeleo huo hufuata ramani ya kampuni.

Fedha nazo zilipita njia hiyo hiyo. Katika mgawo wa tiketi uliotumika tangu 2002, asilimia 8 ilikwenda kijijini, na malalamiko ya wanakijiji yalikuwa yameanza kabla ya hapo. Linganisha na Xidi, ambako kijiji chenyewe kilianzisha kampuni yake mwaka 1994. Vijiji viwili, sheria moja, mawe yale yale. Kwa upande wa mpango, tofauti ni nani anayeitwa mfereji ukiziba: pale ambapo fedha iko mkononi mwa kijiji, mwenye mlango ana sababu ya kuinama na kuzibua.

Paa la wenyewe wanne

Sheria ya ardhi iliyorekebishwa mwaka 1998 inasema kila kaya ya kijijini ina haki ya kiwanja kimoja tu cha nyumba. Katika milima ya Anhui ukomo wake ni mita za mraba 160. Tangu 1999 serikali kuu imekataza nyumba za vijijini kuuzwa kwa watu wa mjini. Kila kanuni ina sababu yake, ya kulinda mashamba na kumlinda mkulima asiuze paa lake. Zikikutana ndani ya nyumba ya mwaka 1850 zinatoa jambo ambalo hakuna aliyelikusudia.

Chukua lile jumba lililogawanywa miaka ya 1950. Vizazi vitatu baadaye, vyumba vya mashariki ni vya ndugu aliyehamia mjini, vya magharibi ni vya mjane, ukumbi ni wa wote. Kigae kinateleza upande wa mashariki. Hakuna anayekiona, maana mlango umefungwa. Maji yanafuata boriti ya paa, na boriti hiyo haijui mpaka: inaanzia mashariki na kuishia juu ya kitanda cha mjane. Kuvu na mchwa huanzia kwenye kiungio, mahali ambapo boriti imechongwa na kuingizwa kwenye nguzo, kwa kuwa hapo maji hukaa. Kigae cha bei ya kikombe cha chai kimegeuka boriti ya kubadilisha, na kubadilisha kunahitaji sahihi za wote wanne.

Kumuuzia tajiri wa mjini hairuhusiwi. Njia inayobaki ni kukodisha, na sheria ya China haitambui mkataba wa kukodi unaozidi miaka 20. Mwekezaji anayejua ataondoka baada ya miaka 20 hatengenezi paa la miaka 100. Anaweka mabafu. Ghorofa ya juu ni ya mbao na haikujengwa kubeba zege na maji. Bafu likiwekwa katikati ya sakafu, mbao zinalegea na silikoni ya pembeni inaachia. Bafu linalodumu huwekwa kwenye kona juu ya ukuta wa matofali, kwenye trei moja isiyo na kiungio, mabomba yakionekana ili uvujaji ujulikane siku ya kwanza. Kisha anafunika ua kwa kioo ili wageni wasilowe. Mvua kweli haiingii tena. Hewa nayo haipandi tena, unyevu wa sakafu unabaki ndani, na nguzo zinaoza kuanzia chini. Kioo kikilazimika kuwepo, kiinuliwe juu ya mapaa, kiache nafasi pande zote.

Vijana wanaooa nao wanahitaji pa kukaa. Ndani ya eneo lililolindwa hawawezi kujenga, kwa hiyo wanajenga nje, kando ya barabara: fremu ya zege, ghorofa tatu juu ya kiwanja cha mita za mraba 160, gari mbele ya mlango, chokaa nyeupe na kichwa cha farasi cha saruji juu ya paa ili kibali kitoke. Kichwa hicho hakizuii moto wowote, maana nyumba hazigusani. Barabara ndiyo mfereji mpya: nyumba zimejipanga kuifuata kwa mstari mmoja. Katika maelfu ya vijiji visivyo na tiketi, huko ndiko uhai wote ulikohamia, na kiini cha zamani kikabaki tupu katikati; Wachina wana jina la hali hiyo, kijiji chenye moyo mtupu. Orodha ya taifa ya vijiji vya jadi ilianza 2012 na vijiji 646, na kwa awamu ya sita ilifikia 8,155. Kuwemo humo kunazuia tingatinga. Hakuitishi kikao cha wale wenyewe wanne wa paa.

Tangu Aprili 2024 treni ya mwendo kasi inasimama wilayani Yi, kituo cha Yixian Mashariki. Wageni watakaolala Hongcun wataongezeka, na kila kitanda kinaleta shuka za kufua. Kabla ya kibali cha vyumba vya wageni kutolewa, mkaguzi aingie uani na chupa ya rangi, amimine, kisha ashuke kusimama Bwawa la Mwezi na kusubiri.